Maji ya kiwanda cha nguo kufyatulia tofali: pima kwanza

Ndugu, umeuliza kama maji machafu ya kiwanda cha nguo yanafaa kufyatulia tofali za saruji. Yanaweza kufaa, ila rangi ya maji isikutishe wala isikudanganye. Kinachoharibu kazi ni chumvi, sabuni na sukari. Sukari kidogo tu huchelewesha saruji kushika. Sabuni huleta mapovu, na tofali linabaki na matundu na kukosa nguvu. Chumvi ya kloridi hufanya nondo zishike kutu, ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 1008, kinaweka ukomo wa miligramu 1,000 kwa lita kwa zege lenye nondo. Tofali lisilo na nondo lina nafuu kubwa hapo.

Fanya hivi: fyatua sampuli kwa maji hayo na nyingine kwa maji safi, mchanganyiko uleule, kisha zivunjwe maabara baada ya siku 7. Za maji machafu zisipungue asilimia 90 ya nguvu ya zile nyingine.

Maji ya kiwanda cha ngozi usiyaguse kabisa, yana kromu, metali inayoweza kuwa sumu. Na tafadhali, wanunulie mafundi glavu na buti.