Mume kaniacha kwa ujumbe wa simu, na mahakama imenirudisha nyumbani

*Shikamoo Shangazi. Nina ndoa ya Kiislamu ya miaka 11 na watoto wawili, mmoja miaka 9, mwingine 5. Mume wangu alihamia kwa mwanamke mwingine, kisha akanitumia ujumbe kwenye simu kwamba kaniacha. Wazee wa pande zote wamekaa vikao vitatu, hakufika hata kimoja. Miezi minane iliyopita mwenyekiti wa mtaa aliniandikia barua kwamba usuluhishi umeshindikana. Juzi nimeipeleka Mahakama ya Mwanzo, karani kanirudisha. Nyumba ninayoishi iko kwenye kiwanja chenye jina la mume, na nasikia anatafuta mteja. Mimi ni mshonaji, nashonea nyumbani. Nina haki gani, na watoto watakwenda kwa nani?*
*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Karani huyo hakukuonea, kakuepusha na hasara. Angeipokea barua ile, shauri lingesikilizwa, mashahidi wangeitwa, hukumu ingetoka, halafu mumeo akikata rufaa, mahakama ya juu ingefuta yote na kukuambia uanze upya. Mashauri ya talaka huanguka hivyo mara nyingi, tena mwenye haki ndiye anayeangukiwa, kwa ajili ya karatasi moja iliyokosekana mwanzoni.

Karatasi hiyo hutolewa na Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar mambo haya ni ya Kadhi), inataka mabaraza hayo yawepo katika kata, na taasisi za dini nazo zinaweza kuwa na ya kwao yaliyotambuliwa na Waziri. Baraza lina mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kwa hiyo wazee wenu, hata wangekaa vikao kumi, si baraza. Mwenyekiti wa mtaa si baraza. Shehe wa msikiti mnaoswali, akiwa peke yake, naye si baraza.

Nenda ofisi ya kata uulizie baraza la ndoa. Mumeo akiwa amehamia kata nyingine, waulize mapema kama shauri ni lao au la wenzao, usije ukasikilizwa na wasiohusika. Eleza malalamiko yako, waombe wamwandikie wito, na kila wito ubaki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyeupokea, au maelezo ya aliyeupeleka kama mumeo kakataa kusaini. Asipofika kwa makusudi, sheria haikufungi mikono: kukaidi wito wa baraza ni mojawapo ya sababu zinazoruhusu mtu kwenda mahakamani bila usuluhishi kufanyika. Lakini hakimu atataka kuona kwamba aliitwa kweli. Hata hapo, ushauri wangu ni ule ule: usiondoke kata mikono mitupu, omba hati.

Hati yenyewe ni Fomu Namba 3. Isome palepale kaunta kabla hujaikunja. Iwe na majina yenu sawasawa na yalivyo kwenye cheti cha ndoa, iwe na tarehe, saini na muhuri, na iseme waziwazi kwamba baraza *limeshindwa kuwapatanisha*. Maneno hayo ndiyo roho yake. Baraza likikuandikia barua ya “tunamtuma mama huyu kwenu kwa msaada zaidi”, irudishe. Likikuandikia kwamba limevunja ndoa na kugawa vyombo, irudishe vilevile: baraza halina mamlaka ya kutoa talaka. Kuhusu mali, matunzo na watoto linaweza kutoa mapendekezo tu.

Kuna na habari ya tarehe, inayowaponza hata watu makini. Hati isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri, kwa hiyo ile barua yako ya miezi minane isingefaa hata kama ingetoka barazani. Na isiwe na tarehe ya baada ya kufungua shauri. Wapo wanaofungua kwanza, wakiambiwa hati inahitajika wanarudi kata kuiomba, wakidhani wameziba pengo. Hawajaziba.

Sasa ule ujumbe wa simu. Uzito wake kidini waulize wenye elimu ya dini. Kisheria, ndoa yako ingali hai mpaka mahakama itoe amri ya kuivunja. Kwa ndoa ya Kiislamu kuna njia fupi kidogo: baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha baada ya hapo mmoja wenu akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama hutoa amri ya talaka. Shika neno “baada”. Mumeo alitangulia baraza, kwa hiyo ujumbe ule haukupi njia hiyo. Lakini usiufute, wala usiuze simu. Ni ushahidi kwamba kakutelekeza, na utakusaidia kuonyesha kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, jambo ambalo hakimu lazima aridhike nalo.

Ukiwa na Fomu Namba 3, Mahakama ya Mwanzo itakupokea. Sheria imezipa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu mamlaka ya kuanza kusikiliza mashauri ya ndoa, ila ya mwanzo ndiyo iliyo karibu na nafuu. Katika maombi yako taja ndoa ilifungwa lini na wapi, watoto kwa majina, umri na jinsia, mambo yaliyoivunja ndoa, na kila unachoomba: talaka, mgawanyo wa mali, watoto, matunzo. Usichokiomba usitegemee kukumbukiwa. Tena sheria inamtaka mwombaji akiri kosa lake mwenyewe la kindoa kama analo. Wengi huliruka hilo, likaja kuibuliwa na upande wa pili mbele ya hakimu, na hapo hata ukweli wao mwingine unaanza kutiliwa shaka.

Nyumba usiingojee mahakama. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni lake peke yake. Kiwanja kikiwa na hati, nenda kwa Msajili wa Hati uweke zuio. Kikiwa hakina hati, mauziano mara nyingi hupita mbele ya serikali ya mtaa, basi hapo ndipo mwenyekiti wako atakufaa: mpelekee barua, kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa na hujaridhia iuzwe, akugongee muhuri kwenye nakala yako. Mnunuzi aliyeambiwa mapema hatakuja kudai hakujua. Shauri likishafunguliwa, omba na amri ya muda ya kuzuia mauzo.

Kwenye mgawanyo mahakama hutazama mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, na mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Kazi za nyumbani zinahesabika tangu mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wanawake wengi wanalijua jina hilo, wachache wanajua lilivyoishia: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi naye akazitumia kwingine, mahakama ikaona sehemu yake alikwishaipata. Kwa hiyo kama mumeo aliwahi kukupa mtaji, jiandae kueleza ulikwenda wapi.

Usiende kusema “tulijenga wote” ukanyamaza. Chukua daftari lako la kushonea, lile lenye jina la mteja, kipimo, kiasi na tarehe. Linganisha na mwaka mlionunua kiwanja, mwaka mlioinua kuta, mwaka mlioezeka. Tafuta risiti za mabati na saruji, kumbukumbu za kikundi ulichokopa, miamala ya simu. Mtafute fundi aliyepokea malipo kutoka mkononi mwako, huyo ni shahidi bora kuliko shoga zako watatu watakaosema tu mumeo ni mbaya. Kama kiwanja alikuwa nacho kabla ya ndoa, bado una la kudai ikiwa kiliendelezwa kwa kiasi kikubwa na wewe au na nyote wawili.

Watoto. Kwa aliye chini ya miaka 7 sheria inachukulia kwamba ni heri akae na mama, ingawa baba anaweza kupinga kwa ushahidi. Huyo wa miaka 9 hakimu anaweza kumsikiliza. Mahakama hailazimiki kuwaweka pamoja, na haipendi kumyumbisha mtoto kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo usiwapeleke kwa bibi yao “kwa muda tu, mpaka kesi iishe”, maana huko ndiko watakakokutwa wametulia. Matunzo yao ni wajibu wa baba hata wakikaa kwako, na huhitaji kungoja talaka kuyadai: anza na Afisa Ustawi wa Jamii, akishindwa naye, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuruhusu kwenda Mahakama ya Watoto. Matunzo yako mwenyewe unaweza kuyaomba shauri likiwa linaendelea.

Hukumu ikitoka na hukuridhika, omba nakala siku hiyohiyo na ukate rufaa Mahakama ya Wilaya kabla siku 30 hazijaisha. Utasikia wakitaja 45. Wewe hesabu 30.

Fomu Namba 3 ukiipata, toa nakala tatu kabla ya kuikabidhi mahakamani, na moja uiweke kwa mtu asiyeishi nyumbani kwako.

*Shangazi*