Nimepanga meno mara mbili, na bado nalala na plastiki mdomoni

Ujumbe uliingia Jumapili usiku. Binti wa Morogoro, miaka 21, alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni meno yake ya chini, yamebanana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Ya pili ni tangazo la boksi la kujipangia meno nyumbani: unaletewa dongo laini, unaling'ata mwenyewe kutoa umbo, unalirudisha kwa wakala, kisha unatumiwa plastiki zako. Miezi minne, tabasamu jipya, daktari wa nini? "Dada, nimeona picha yako baada ya kumaliza, umependeza mno. Hii ninunue?"

Nilikaa siku tatu sijamjibu. Si dharau. Kila nikianza kuandika najikuta namjibu mimi wa miaka 23, na yule hakuwa msikivu.

Nimekulia Usa River, chini ya Mlima Meru. Anayeijua Arusha anayajua meno yetu. Vijito na visima vingi vya kule vina floraidi inayopita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekunywa maji hayo meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya huota ya kahawia. Hilo halikuniumiza, maana darasa zima tulikuwa hivyo. Kilichoniumiza ni chonge zangu mbili za juu, zilizokosa nafasi zikaamua kuota juu ya wenzake. Nilipokwenda sekondari ya bweni, mbali na nyumbani, wakaniita Ghorofa. "Ghorofa, lifti inafanya kazi leo?" Miaka minne hiyo. Nikajifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni, na mpaka leo mkono wangu wa kulia hupanda wenyewe nikisikia kichekesho. Aliyenibatiza jina lile tulikutana msibani mwaka jana. Akaniita Ghorofa mbele ya mume wangu, akidhani ananifurahisha.

Kwa hiyo nilipopata ajira ya kwanza sikununua sofa wala simu kubwa. Nilifunga waya.

Na vichuma, vile vinavyogundishwa kwenye meno kuushika waya, vikawa havishiki. Naomba mnisikilize hapa, hasa ninyi wa kanda ya kaskazini. Zamani kila jino lilizungushiwa pete ya chuma ndipo waya upitishwe. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, alionyesha kwamba jino likipakwa asidi kidogo, enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, hutoka vitundu visivyoonekana kwa macho, na gundi hupata pa kung'ang'ania. Ndiyo maana siku hizi kila jino linabeba kichuma chake kidogo bila pete. Ila enameli iliyolelewa na floraidi nyingi ni sugu kwa asidi, na gundi haiishiki vizuri. Jambo hili nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 35. Daktari wangu wa kwanza, kila kichuma kilipobanduka, alikuwa na swali moja tu, analiuliza kwa sauti mlango ukiwa wazi na watu wamejaa kwenye benchi: "Umekula tena mahindi ya kuchoma?" Nimelipia kugundishiwa upya mara saba. Mahindi nilikula mara moja, tena nusu gunzi.

Waya wenyewe, lakini, ulikuwa maajabu. Ni mchanganyiko wa nikeli na titani uliotoka katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa ndiye aliyeuingiza kwenye vinywa vya watu miaka ya 1970. Waya wa chuma cha kawaida ukiupinda sana unabaki umepinda. Huu unakumbuka umbo lake, na ule niliofungwa mimi ulikuwa wa kuamshwa na joto: ukipoa unalegea, ukipata joto la mdomo unakaza na kuyavuta meno yaufuate upinde wake. Usiku wa pili, taya linagonga kama ngoma, niligundua kwamba funda la maji ya friji likikaa mdomoni linanipa dakika mbili za amani. Hakuna aliyenifundisha. Nililala na chupa kando ya mto wiki nzima.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia: kubadilisha waya, panadol, uji. Mwezi wa 22 wakanifungua. Nikajiangalia kwenye kioo cha bajaji mpaka dereva akauliza kama nimeona nyoka.

Nikapewa riteina, kile kiplastiki cha kuyashikilia meno yasirudi. Mwezi wa nne nilikwenda kwenye harusi Sinza, nikaivua kwa ajili ya pilau, nikaifunga kwenye tishu kando ya sahani. Mhudumu akapita, akakusanya sahani, tishu, na akiba yangu ya miaka miwili. Ningeweza kurudi kliniki Jumatatu. Sikurudi. Niliona aibu ya lile swali la mahindi, na nikajiambia meno yameshazoea. Meno hayazoei, jamani! Nyuzi za ufizi zilizovutwa huvuta kurudi zilikotoka, na mfupa mpya unahitaji miezi mingi kukomaa. Miaka miwili haikuisha, chonge ya kushoto ikapanda tena juu.

Ukisikia mtu anakwambia waya haukumsaidia, muulize riteina yake iko wapi.

Safari ya pili nilitaka alaina, plastiki angavu zisizoonekana, maana mtu mzima na vyuma ofisini niliona haya. Nilishasoma habari zake zote. Zia Chishti, aliyezibuni, hakuwa daktari wa meno hata kidogo. Alikuwa mwanafunzi wa Stanford aliyefungwa waya ukubwani, na riteina yake ya plastiki ndiyo iliyompa wazo kwamba mfululizo wa plastiki kama ile, kila moja tofauti kidogo na iliyotangulia, ungeweza kuyasukuma meno wenyewe. Yeye na Kelsey Wirth wakafungua kampuni mwaka 1997. Mimi nikaona hao ni watu wangu.

Daktari bingwa wa safari hii alinipiga eksirei kwanza, akapima ufizi jino kwa jino, akanitia skana mdomoni. Hakuna dongo la kung'ata. Meno yangu yakatokea kwenye skrini yakizunguka, kisha akabonyeza na yakatembea yenyewe mpaka mahali pake, seti 28, kila seti ikilisogeza jino kama robo milimita. Nikapiga kelele: "Mwanya wangu!" Programu ilikuwa imeuziba. Mwanya ule nimerithi kwa bibi mzaa mama, ni wa kuimbiwa, na kompyuta ya watu imeuona kasoro. Tukaurudisha.

Sasa masaa. Alaina inataka masaa 22 kwa siku, yaani una mawili tu ya kula, kunywa na kupiga mswaki. Hesabu siku ya Mtanzania wa ofisini: chai ya asubuhi, chai ya saa nne na andazi, chakula cha mchana, karanga kwenye foleni, chakula cha usiku, na mgeni akija soda. Chai ya moto hainyweki na plastiki ndani, itapinda na kugeuka rangi. Nilikuwa navaa labda masaa 17 nikimwambia daktari 22. Seti ya tisa ikanianika. Niliivaa, nikaona juu ya chonge ya kushoto plastiki imebaki hewani, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba. Nikaibana kwa kidole, ikaruka. Daktari aliangalia mara moja tu, akasema, "Chai, eh?" Tukapiga skana upya na kuagiza seti nyingine.

Na hata ningevaa masaa yote, lile jino lilikuwa gumu. Alaina husukuma vizuri, ila kulivuta chonge lililokaa juu lishuke ni kazi inayoishinda mara nyingi. Ikabidi nigundishiwe kitufe kwenye jino na kuvaa vimpira vya kulivuta, na daktari akakiri kwamba waya ungemaliza mapema. Miezi 31 kwa ajili ya kiburi. Nimependeza lakini, nisiwadanganye.

Basi nimemwandikia yule binti. Nimemweleza kuhusu SmileDirectClub, kampuni ya Marekani iliyouza alaina za kutumiwa nyumbani tangu 2014. Desemba 2023 ilifunga shughuli, na wateja waliokuwa katikati ya safari wakaachwa na plastiki mkononi bila wa kumuuliza. Nimemwambia boksi haliwezi kuona kama ufizi wake una ugonjwa, na jino likisukumwa ndani ya mfupa mgonjwa linalegea. Nimemwambia aulize eksirei kabla ya kuuliza bei, aulize anayemhudumia ni bingwa wa kupanga meno au la, na aweke pesa ya riteina mbili pembeni kabla hajaanza. Nimemwambia avae riteina. Kisha nikaandika tena avae riteina, halafu nikamtumia sauti ya dakika nne nikisema hivyo hivyo, na mume wangu akauliza ni nani amefariki.

Amenijibu jana. Amepata miadi Alhamisi, na anafikiria waya wa kawaida kwa sababu ya bei. Akaongeza swali moja: mahindi ya kuchoma ni marufuku kweli?

Nimemwambia apukuchue.