Jibu: Kile kikasha wanachoshusha kwenye chemba ni cha nini

Mkuu, umeuliza kile kikasha kinachoteremshwa kwa kamba kabla ya mtu kuingia chemba ya majitaka kwenye vipindi vya TV kama Dirty Jobs cha Mike Rowe. Ni kipima gesi. Husoma vitu vinne: oksijeni, gesi za kulipuka (hasa methani), kaboni monoksidi, na haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza.

Harufu ndiyo inayoponza watu. Gesi hiyo ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi. Unadhani imeisha kumbe imezidi. Tena ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Kwa hiyo pima juu, katikati, kisha chini, na kila hatua usubiri namba zitulie. Kanuni za Marekani zinahesabu oksijeni chini ya asilimia 19.5 kuwa hatari. Kipima kibaki kifuani hata ukishaingia, maana buti likikoroga tope gesi inachomoka upya.

Ile stendi ya miguu mitatu unayoiona juu ya chemba, yenye winchi (mtambo wa kuvutia kamba), ni ya kumvuta aliyezimia bila mwingine kushuka. Wanaowafuata wenzao chini ndio hufa wa pili na wa tatu. Barakoa ya kitambaa? Sahau.