Mgomo wa kula uliirudishia serikali mzigo wake

Mhariri, swali la wiki hii linauliza kama kugoma kula kuliwasaidia wanawake wa Uingereza waliodai kura, au kuliwaumiza tu. Kuliwaumiza mno. Lakini kuliwasaidia pia, kwa sababu uhai wa mfungwa uko chini ya dhamana ya serikali iliyomfunga: akifa kwa njaa itaulizwa, na akiachiwa hukumu imevunjika.

Julai 1909 msanii Marion Wallace Dunlop, mwanachama wa WSPU, chama cha wanawake cha kudai kura kilichoongozwa na Emmeline Pankhurst, alifungwa katika gereza la Holloway, London, kwa kugonga muhuri wenye maneno ya Sheria ya Haki ya 1689, kuhusu haki ya raia kupeleka maombi kwa mfalme, kwenye ukuta wa Bunge. Alitaka ahesabiwe mfungwa wa kisiasa. Aliponyimwa akasusia chakula, bila kuagizwa na chama, na baada ya saa 91 akaachiwa. Wenzake wakaifuata njia hiyohiyo.

Septemba mwaka huohuo, katika gereza la Winson Green, Birmingham, serikali ikaanza kuwalisha kwa nguvu. Askari jela wa kike walimkandamiza mfungwa, daktari akapitisha mpira puani, au mdomoni baada ya kutanua meno kwa chuma. Mary Leigh, mmoja wa wafungwa hao, alieleza kwamba mpira wake ulikuwa na urefu wa yadi mbili, na katikati kipande cha kioo cha kuonyesha kama chakula kinapita. Kilichomiminwa mara nyingi kilikuwa maziwa na mayai. Hatari ilikuwa kwenye koo: mtu anayepambana, anayekohoa na kutapika, chakula chake hupotea njia kwa urahisi kikaingia kwenye mapafu. Ndivyo ilivyompata mgomaji mwingine, Lillian Lenton, Februari 1913, akaachiwa upesi akiwa mahututi. Madaktari 116 walikuwa wamemwandikia Waziri Mkuu Asquith kupinga jambo hili tangu 1909, lakini Desemba ya mwaka huo, katika kesi ya Leigh, mahakama ilisema ni halali.

Aliyeifichua serikali zaidi, kwa maoni yangu, ni Lady Constance Lytton, mwanamke wa ukoo wa kitukufu. Gerezani Newcastle aligoma kula, akapimwa moyo, ukaonekana dhaifu, akaachiwa. Januari 1910 akajifanya mshonaji maskini aitwaye Jane Warton, akafungwa katika gereza la Walton, Liverpool. Huko hakuna aliyemsikiliza moyo kabla ya kumlisha, naye akalishwa kwa nguvu mara 8. Mwili ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni cheo tu. Mwaka 1912 alipata kiharusi, na afya yake haikurudi tena.

Aprili 1913 ikaja sheria waliyoiita ya Paka na Panya: mgomaji akidhoofu anaachiwa kwa siku chache, akipata nguvu anarudishwa, na siku za nje hazihesabiwi. Wengi walifichwa na wenzao wasirudi. Emmeline Pankhurst, aliyehukumiwa miaka 3, aliingia na kutoka mara nyingi, akatumikia sehemu ndogo tu.

Hata hivyo, tusiseme njaa peke yake ilileta kura. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza Agosti 1914 WSPU ilisitisha kampeni na wafungwa wakaachiwa. Mwaka 1918 walipata kura wanawake wa miaka 30 na zaidi waliotimiza masharti ya mali. Usawa na wanaume, kuanzia miaka 21, ulingoja hadi 1928.