Maswali ya Wasomaji: Mboga Chungu Mezani

SWALI: Kamwene mhariri. Nimekulia kwenye mnavu, mgagani na ngogwe, lakini mume wangu na watoto wanazisukuma pembeni ya sahani wakidai ni chungu; wao ni kabichi na chainizi tu. Je, niache kuzipika? – Mama wa watatu, Mafinga.

JIBU: Kamwene, mama. Usiache. Uchungu huo mara nyingi huanzia shambani: mgagani uliokwisha kutoa maua huwa mchungu na mgumu kuliko ule uliochumwa ukiwa mchanga, na ngogwe iliyoachwa hadi ikawa nyekundu hailingani kabisa na ile nyeupe inayong'aa. Ukiwa sokoni, vunja ncha ya shina la mgagani. Likikatika mara moja, nunua, na likipinda na kuonyesha nyuzi, mwachie mwenyewe. Mnavu nao uchambue majani tu, na vile vitunda vyake vya kijani uvitupe, kwa kuwa vina sumu.

Desturi ya kuchemsha mgagani na kumwaga maji ina maana yake, kwani uchungu hupungua kweli, ila vitamini C nayo huondoka na maji hayo. Kwa hiyo yamwage mara moja tu, baada ya kuchemka kwa muda mfupi, kisha uunge kwa karanga za kutwanga au maziwa. Karanga hazifichi uchungu tu: mafuta yake huusaidia mwili kufyonza karotini ya majani hayo, ambayo hugeuzwa kuwa vitamini A, na ambayo kabichi nyeupe inayo kidogo sana. Magadi siyapendi, hata kama bibi zetu waliyatumia. Hulainisha mboga na kuipa rangi nzuri, lakini huharibu vitamini C.

Kwa watoto, anza na fungu moja la mnavu katika mafungu mawili ya msusa, yaani majani ya maboga, ambao hauna uchungu, kisha ongeza mnavu wiki hadi wiki. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, hivyo kijiko kimoja bila fimbo kinatosha.

Kuhusu baba watoto, zikate ngogwe vipande vinne, uziloweke kwenye maji ya chumvi kwa nusu saa, uzisuuze, kisha uzipike na dagaa, nyanya na kitunguu. Wabishi zaidi yake wameomba kuongezewa.