Kwa mnaoanza kuongoza wageni Kilimanjaro

Wadogo zangu mliopata leseni juzi, nawapenda, lakini mnanichosha. Wiki hii pale Marangu geti nimemsikia mmoja wenu akimweleza mgeni kwamba kituo cha kulala cha Mandara kina jina la ndege na kile cha Horombo kina jina la aina ya mti. Mgeni wa watu anaandika kwenye daftari! Mandara ndiye Mangi, yaani chifu, Rindi wa Old Moshi, baba yake Meli aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Horombo alikuwa mangi wa Keni, kule Rombo. Leo wamegeuzwa ndege na mti kwa sababu kijana ameona haya kusema "sijui, ngoja niulize". Nikaona niandike. Ya vifaa na afya mmefundishwa, nitayapitia mbio.

1. Mizani. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, mwisho kilo 20. Mkishapimiwa, msimwongezee masufuria mliyoyaficha nyuma ya gari.

2. Lava Tower, ule mwamba mrefu. Mnafika mita 4,600 na ushei, halafu mnashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya 4,000. Mgeni akiuliza kwa nini apande ili ashuke, mweleze kwamba mwili unaonjeshwa hewa nyembamba kisha unapewa nafasi ya kupumzika. Msimjibu "hakuna matata". Maneno hayo yamechakaa kuliko buti zangu.

3. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Mchaga lenye nyumba yake. Hapa kaeni chini.

Mimi si Mchaga, nimezaliwa Kondoa. Nilikuja Moshi kubeba mizigo, nikapanda pole pole mpaka leseni. Msimu ule nilioipata, nilikabidhiwa wageni wanne niwatembeze Marangu siku moja kabla ya kupanda: kahawa, migomba, mfongo yaani mfereji wa maji ya shamba, kibuyu cha mbege, ile pombe ya ndizi. Nilijiona profesa. Ili kufupisha njia tukakatiza kihamba cha watu bila hodi. Nyuma ya nyumba palikuwa na masale yamesimama safi, majani marefu ya kijani. Nikakata manne, nikawachomekea wageni kwenye kofia. Nikawaambia ni pambo la kumtakia msafiri heri. Niliitunga papo hapo, na ilinoga.

Akatoka bibi mmoja na jembe mkononi. Akanisemesha Kichaga. Aliponiona natoa macho, akahamia Kiswahili, bila kupaza sauti: "Mwanangu, hapo amelala baba wa watoto wangu. Unawavika watu majani ya kaburini?"

Wageni wakaniuliza, anasemaje? Nikatafsiri: anawakaribisha sana, anasema mmependeza.

Wakapiga makofi. Mama mmoja akamkumbatia bibi, jembe likaanguka. Mwingine akapiga picha. Wa tatu akatoa noti ya dola tano akamtia kiganjani. Bibi akaitazama ile noti, akanitazama mimi, asiseme tena neno. Nimewahi kutukanwa na wakubwa wa kambi mbele ya watu, na haikuniuma vile.

Kukata majani ulikuwa ujinga, na mjinga husamehewa. Lakini kinywa cha bibi wa watu nilikichukua nikakitia maneno yangu, yeye akiwa amesimama palepale, hajui kinachosemwa. Hilo sikuwa na la kujitetea.

Marangu habari hufika kabla ya gari. Kiongozi wangu mkuu alikuwa ameshaambiwa kabla hatujarudi hotelini. Hakunigombeza. Aliniacha nipande, nikapanda na donge langu kooni mpaka Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, na kurudi. Tuliposhuka akanitafutia mzee wa jirani wa kuniombea, tukaenda kwa bibi na mbege, mimi nimeshika jani la isale. Ndiyo, isale lilelile. Hupandwa makaburini na mipakani mwa vihamba, na ndilo Mchaga analoombea msamaha. Ukiletewa, kulikataa si jambo dogo. Mzee akasema, mimi nikainamisha kichwa. Bibi akalipokea. Akaonja mbege, akasema haijakaa sawa, mmeuziwa na nani? Kisha akaingia ndani, akanitolea dola tano imekunjwa vilevile, akaniuliza kwetu Kondoa wafu tunawazika wapi. Tulikaa mpaka ng'ombe wakakamuliwa.

Siku hizi napiga hodi, tena kwa sauti, wageni wenyewe wasikie kwamba hapa pana mwenyewe. Na akikataa tusipite, nawaambia wageni amekataa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunidai fedha yake kwa hilo.

4. Salamu. "Shimboni" itakusaidia Marangu. Machame wana yao, Rombo wana yao, waulizeni wagumu wenu. Na mbege aonje kwanza mwenyeji, wewe usijitie kimbelembele na kibuyu. Kuna ulezi mle ndani pia, acheni kuita "juisi ya ndizi", mtalaza mtu njiani.

5. Usiku wa kileleni. Ugonjwa wa kutafsiri uongo unapanda nanyi mpaka kambi ya Barafu. Mgumu anayelala karibu na mahema ya wageni ndiye anayejua nani amekohoa usiku kucha na nani amemwaga supu yake kisirisiri nyuma ya jiwe. Atakuja kukuambia. Mgeni naye atakuambia yuko sawa, kwa sababu amelipa na ameaga ofisi nzima. Kiongozi mkuu akikuuliza "vipi huyu?", mpe maneno ya mgumu kama yalivyo. Mara ngapi nimemsikia msaidizi akisema "yuko fiti" kwa mtu ambaye hawezi kufunga kamba za viatu vyake? Anayekohoa povu, au anayeyumba ukimwambia atembee kwenye mstari, mapafu au ubongo umeanza kujaa maji, na dawa yake ni kushuka sasa hivi, hata kama Stella Point, ukingo wa kreta, iko hapo juu mnaiona. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni kizuri, lakini hakilali karibu na hema.

6. Betri za tochi laleni nazo ndani ya begi la kulalia.

7. Bakshishi. Mgeni akitaja kila mgumu apate kiasi gani, kitajeni kiasi hichohicho, mbele ya wote, mgeni akiwepo. Mnajiona wajanja mkitafsiri "anasema mmefanya kazi nzuri" halafu bahasha inaingia koti la mtu. Namba za Kiingereza wagumu wote wanazijua. Wananyamaza kwa sababu msimu bado mrefu, na wewe ndiye unayeandika majina ya safari ijayo.