Unaanza na nani? Nilivyojiandaa kwa mtihani wa NCLEX

Wauguzi wenzangu wanaotafuta leseni ya Marekani au Kanada huniuliza swali lile lile: nisome kitabu gani? Kitabu chochote kizuri kinatosha, na pengine unacho tangu chuoni. Shida ni kusoma kana kwamba utaambiwa ueleze ugonjwa. NCLEX-RN, yaani mtihani wa leseni ya muuguzi aliyesajiliwa, inakuweka wodini na wagonjwa wanne, halafu inauliza: unaanza na nani?

Tuseme wa kwanza alitolewa kidole tumbo jana, anasema maumivu ni saba kwa kumi. Wa pili ana ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni asilimia 90. Wa tatu ana kisukari, kipimo cha sukari kinasoma miligramu 230 kwa desilita. Wa nne alifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo asubuhi, na sasa anahisi ganzi kuzunguka midomo.

Huruma inakuvuta kwa yule wa maumivu, namba inakuvuta kwa yule wa oksijeni. Lakini maumivu siku moja baada ya kupasuliwa yanatarajiwa, asilimia 90 kwa mtu wa mapafu sugu si ajabu, na sukari ya 230 iko juu ila inaweza kusubiri kidogo. Ganzi ya midomo ndiyo ya kukushtua. Tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu zimekaa nyuma ya ile iliyopasuliwa; zikiguswa, kalsiamu hushuka, na ikishuka sana koo linaweza kukaza hadi hewa isipite. Nenda kwa huyo. Wa maumivu atapata dawa yake, asubiri kidogo.

Mimi kila swali la mazoezi nililichambua hivyo, hata nililopata: kwa nini haya mengine matatu siyo? Ni kazi ya polepole na inachosha, na maswali machache yaliyochambuliwa yalinifaa kuliko mamia ya kukimbizana nayo. Swali ulilopata kwa kubahatisha lihesabu umelikosa. Daftari langu halikuwa la magonjwa, lilikuwa la sababu za kukosa: sikusoma neno "kwanza", nilichagua kumpigia daktari kabla ya kumpima mgonjwa, na kadhalika.

Kilichonisumbua zaidi ni kugawa kazi. Sisi tuliozoea kumwomba yeyote aliye karibu tunateleza hapa. Kwa mtihani huu, msaidizi wa muuguzi anaweza kuogesha, au kupima presha ya mgonjwa aliyetulia. Kutathmini hali ya mgonjwa na kumfundisha ni kazi yako wewe mwenye leseni, hata wodi ikiwa imefurika.

Hesabu za dozi fanya chache kila siku. Heparini yuniti 25,000 ndani ya mililita 500, daktari ameandika yuniti 1,200 kwa saa: ni mililita 24 kwa saa. Ukisita hapo, anzia hapo.

Kuhusu kompyuta yenyewe inayokuuliza maswali, watu wana hadithi nyingi. Ukipata, inakuletea swali gumu zaidi, ukikosa, inakuletea rahisi zaidi, na huwezi kurudi nyuma kubadilisha jibu. Maswali ni kati ya 85 na 150, muda ni saa 5, na mapumziko yanakula humo humo. Inaweza kuzima ikiwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba umefaulu au umeshindwa, kwa hiyo kuishia 85 hakukuambii lolote. Tena 15 kati ya hayo ni ya majaribio tu, hayana alama. Ukiwa ndani usikae kuotea unaelekea wapi. Jibu lililo mbele yako.

Tangu Aprili 2023 kuna visa vya wagonjwa, vitatu, kila kimoja na maswali sita yanayomfuata mgonjwa huyo huyo kadiri hali inavyobadilika. Ukipata sehemu tu ya jibu unapewa alama za sehemu hiyo, nafuu kubwa. Ila kwenye yale ya "chagua yote yanayofaa", kila chaguo lisilofaa linakukata alama moja, kwa hiyo usitie tiki kila mahali.

Na mapema, si usiku wa mwisho, linganisha jina la kwenye kitambulisho chako na lile ulilojiandikishia. Yakipishana mlangoni hutaingia, na ada utakuwa umeipoteza.